Namba Kwenye Kifuniko

Hodi ya kwanza Tusekile aliidhani ni upepo. Ukikaa peke yako juu ya kilima cha Ilwimbo kwa miaka minane unajifunza kutoamini kila kinachogonga mlango. Hodi ya pili ilikuja na sauti ya mtu anayehema. Ndipo akaweka chini kikombe chake cha uji, akaenda kufungua.

Mlangoni alisimama mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa sare ya bluu ya uuguzi, matope yamempanda hadi magotini. Alikuwa amekumbatia sanduku dogo la bati.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye fundi wa kusugua prosesa?"

"Marahaba. Ndiye. Ingia, upepo huu hauna adabu."

Mgeni aliingia lakini hakukaa. Alijitaja kuwa ni Sista Edina Tweve, wa kituo cha afya cha Lwandani, kule bondeni. Alikuwa ameondoka alfajiri, na njia yote alikuja kwa miguu kwa kuwa daraja lililochukuliwa na maji bado halijajengwa upya.

"Ni ya wodi ya watoto njiti," alisema, akifungua sanduku. "Ndiyo inayoendesha mashine za kuwapumulisha. Ina mwezi sasa inapata joto. Ikipata joto inajipunguzia kasi. Jana ilichelewesha pumzi mbili kwa mtoto wa kitanda cha nne. Pumzi mbili, mama. Akageuka rangi mikononi mwangu."

"Mko nao wangapi?"

"Sita."

"Na sasa hivi nani anawapumulisha?"

"Mikono. Manesi wenzangu watatu, na wale mama zao wenye nguvu kidogo. Wanaminya mifuko ya hewa kwa zamu."

Tusekile hakuuliza zaidi. Alivuta kiti chake dirishani, akawasha taa ya meza ingawa jua lilikuwa limeshatoka, akanawa mikono.

Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita tangu viwanda vya ng'ambo viache kutengeneza prosesa, ule ubongo wa kila mashine. Zilizokuwepo ndizo hizohizo. Zilihesabiwa kama watu wanavyohesabiwa, kila moja na namba yake iliyochongwa juu ya kifuniko chake cha shaba kilichopakwa nikeli. Iliyoungua iliandikwa kuwa imekufa, na hakuna iliyozaliwa mahali pake. Kwa hiyo kazi ya Tusekile ilikuwa moja tu: kuzifanya za zamani ziishi. Prosesa hukaliwa juu na kipoza joto, bonge la shaba lenye mapezi membamba, na joto hutoka kwa prosesa kwenda kwa kipoza. Kwa macho vyuma hivyo viwili vinaonekana vimeshikana. Kumbe vimepinda kwa unene wa unywele, katikati imekaa hewa, na hewa haipitishi joto. Watu hupaka grisi nyeupe kuziba lile pengo, lakini grisi nayo ni afadhali tu ya hewa. Dawa yenyewe ni kuvisugua vyuma vyote viwili juu ya kioo mpaka vinyooke, shaba iguse shaba.

Alichovya kitambaa kwenye spiriti, akaanza kuipangusa prosesa grisi iliyokauka. Sheria ilimtaka asome namba kwanza kabla ya kushika msasa, kwa sababu msasa hufuta namba, na prosesa isiyo na namba ndiyo furaha ya mwizi. Orodha ya Zilizopotea ilitundikwa ukutani nyuma yake. Fundi akiikuta namba iliyomo kwenye orodha, anaizuia prosesa hapohapo na kuita polisi. Fundi akiifuta, anafungwa.

Grisi ilitoka. Namba ikaonekana.

Tusekile hakugeuka kuangalia orodha. Aliisoma mara moja, akaisoma tena kuanzia mwisho kuja mwanzo, kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto aliyezaliwa. Kisha akaweka kitambaa juu yake, akaifunika.

"Kuna nini?" Edina aliuliza.

"Hakuna. Grisi yenu ilikuwa imezeeka." Sauti yake ilitoka sawa, jambo lililomshangaza mwenyewe. "Hii mliipata wapi?"

"Marehemu mkaguzi Chengula ndiye aliyetuletea. Mimi nilikuwa sijaajiriwa bado. Wanasema aliileta mwenyewe mkononi, wiki ileile ya mafuriko, mvua inanyesha. Wodi ina jina lake. Picha yake ipo mlangoni, kila Ijumaa tunaifuta vumbi."

"Mkaguzi Chengula," Tusekile alirudia.

"Ulimfahamu?"

"Nilimsikia akizungumza siku moja."

Ilikuwa mahakamani. Mkaguzi wa vituo, Faustini Chengula, alikuwa amesimama na koti lake la kijivu, akaapa kuwa kufuli la kituo cha tahadhari cha mto Mwiho lilifunguliwa kwa ufunguo, na mwenye ufunguo alikuwa mmoja, mlinzi wa kituo, Enoki Mbwilo. Kituo kile kilikuwa kikisikiliza mto na kupiga king'ora maji yanapopanda. Usiku ule mto ulipanda na king'ora hakikulia. Watu kumi na wanne walichukuliwa na maji. Prosesa ya kituo haikuonekana tena. Enoki alisema hakuiuza, na hakuwa na neno lingine la kuongeza, kwa sababu hakujua lingine. Alifungwa, na mwaka wa tatu akafia gerezani kwa kifua.

Enoki alikuwa mume wa Tusekile.

* * *

Kwanza alichukua kipoza joto. Alijiambia kwamba huenda ubaya wote uko huko.

Alilaza karatasi ya msasa wa maji juu ya kioo kinene, akaimwagia maji yenye tone la sabuni, akaanza kuvuta. Hakukandamiza. Anayekandamiza huchimba kingo na kuacha kilima katikati. Uzito wa chuma chenyewe unatosha. Mivuto ishirini, anageuza robo, mivuto ishirini, anageuza robo. Maji yakawa ya kijivu, kisha meusi. Alibadilisha msasa kutoka mkali kwenda laini, kutoka mia nne hadi mia nane, hadi elfu moja na mia tano.

Mikono ilifanya kazi na kichwa kikabaki huru, na hilo ndilo alilokuwa akilichukia katika kazi hii. Alifikiri juu ya Sekela, binti yake wa pekee, aliyehamia Tanga mwaka ule wa kesi. Sekela alitumia ukoo wa mumewe. Watu wakimuuliza juu ya baba yake, alisema alikufa zamani. Alipiga simu Krismasi na Pasaka, akauliza miguu ya mama yake inaendeleaje, akasema haya, Mungu akubariki. Jina la Enoki halikutajwa kati yao kwa miaka kumi na moja. Tusekile hakumlaumu. Yeye mwenyewe aliuza nyumba ya bondeni kwa sababu mama wa wale waliokufa walikuwa wakinyamaza kila alipofika kisimani.

Na sasa kitu chenyewe kilikuwa chini ya kitambaa, umbali wa mkono mmoja kutoka alipokaa. Angekizuia. Angewaita polisi. Hakimu angelazimika kuuliza: prosesa iliyouzwa na Enoki Mbwilo ilifikaje mkononi mwa mtu aliyeapa juu yake? Kusingehitajika wakili.

Lakini ilihitajika shaba yenyewe. Picha haikufaa. Hakuna hakimu aliyepokea picha tangu mashine zilipojifunza kutengeneza picha za mambo ambayo hayakutokea. Nakala ya namba haikufaa, kwa sababu hiyohiyo. Mahakama ilikuwa imerudi kwenye kile inachoweza kukishika. Na kingeshikwa, ndani ya kabati la chuma, mpaka kesi iishe.

"Kipoza kipo tayari," alisema. "Tuijaribu."

Aliipachika prosesa kwenye mashine yake ya kupimia, akapaka grisi, akafunga kipoza, akaipa prosesa kazi nzito ya dakika kumi. Wote wawili walitazama kipimo. Kilipanda haraka, kikapunguza mwendo, kikasimama kwenye nyuzi themanini na nane.

"Imeshuka kiasi gani?" Edina aliuliza.

"Kwenu ilikuwa tisini na tatu, umeandika hapa kwenye sanduku. Ikivuka themanini ndipo inapojipunguzia kasi."

"Basi bado."

"Bado."

Simu ya upepo ya Edina ililia kwenye mfuko wa sare. Alisikiliza, akasema, "Mwambieni apumzike, Mama Gwantwa ashike. Hapana, asilale, apumzike tu." Akaizima. "Mmoja wa wale mama amezimia," alisema. "Alijifungua juzi kwa kupasuliwa. Hakutaka kuachia mfuko."

Tusekile alifungua kipoza, akaipangusa tena prosesa. Alichukua wembe, akausimamisha juu ya kifuniko, akakielekeza dirishani. Pembeni wembe uligusa. Katikati mwanga ulipita, mstari mwembamba kama uzi. Kifuniko kilikuwa na bonde, na namba ilikuwa imekaa chini ya bonde lile.

Pembe zitakwenda kwanza, aliwaza. Huenda zikatosha.

Aliigeuza prosesa uso chini, akaishika kwa ncha za vidole vitatu, akaanza kuvuta juu ya msasa, taratibu. Baada ya mivuto mia aliigeuza. Nikeli ilikuwa imeondoka pembeni na shaba imetokea, nyekundu, safi, kama fremu ya picha. Katikati namba ilikuwa nzima. Aliipima tena. Themanini na nne.

Akasugua tena. Fremu ikapanuka ndani. Themanini na mbili.

Namba sasa ilikuwa imebaki kwenye kijisiwa cha nikeli kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Tusekile aliweka prosesa chini, akafuta mikono kwenye aproni, na mikono ikakataa kurudi mezani.

* * *

"Mama," Edina alisema, "unalia."

"Njoo uisome namba hii."

Edina aliinama, akaisoma kwa sauti.

"Sasa geuka uangalie ile karatasi ukutani. Mstari wa saba."

Muuguzi alikwenda ukutani. Alisimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma mstari mmoja. Aliporudi uso ulikuwa umembadilika.

Tusekile alimweleza. Alieleza kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa amezoea kulisimulia. Hakukuwa na mtu wa kumsimulia. Alisema mume wangu, na kituo, na ufunguo, na koti la kijivu. Alisema, "Picha mnayoifuta vumbi ndiyo iliyomuua."

Edina alikaa kwenye kigoda, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Labda aliichukua kwa ajili ya watoto," alisema, kisha akajiziba mdomo. "Nisamehe, mama. Sikumaanisha."

"Labda. Labda alikuwa na uchungu na watoto, labda alitaka jina lake mlangoni. Kumi na wanne walikufa maji. Tangu hapo ninyi mmewatoa wangapi wakiwa hai?"

"Sijui. Mia nne. Zaidi."

"Basi mimi nitamwambia nini mtu yule?"

Upepo ulisukuma mabati. Edina aliangalia mikono yake.

"Usiifute," alisema mwishowe. "Ni haki yako. Tutaendelea kwa mikono. Nitaomba watu vijijini waje, tutapanga zamu."

"Kesi itachukua muda gani?"

"Miezi."

"Mtoto njiti anahitaji mashine siku ngapi?"

"Wengine arobaini."

"Mikono ya watu siku arobaini, usiku na mchana, watoto sita. Umewahi kuona?"

Edina alivuta kigoda karibu na meza. Kisha akauliza swali ambalo Tusekile hakulitarajia kabisa.

"Alikuwaje? Mume wako."

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyemuuliza hivyo. Waliuliza alificha wapi, aliuza kwa nani. Tusekile alipangusa macho kwa aproni.

"Alikuwa mwoga wa vyura," alisema. Edina akacheka kidogo, bila kutaka, na Tusekile naye akacheka. "Mlinzi wa mto, na anaogopa vyura. Akirudi jioni naenda kumpokea na tochi nimfukuzie njiani."

Aliichukua prosesa. Alimwagia msasa maji mapya.

Alisugua akizungumza. Alisema Enoki alikuwa akiimba kwaya sauti ya nne na hakuwahi kuipata. Alisema alikuwa akimsuka Sekela nywele, vibaya, kwa sababu mtoto alitaka yeye ndiye amsuke. Alisema siku ya hukumu aligeuka akamwambia, usisahau kumwagilia viazi, kama vile anakwenda safari ya siku mbili. Mivuto ishirini, robo. Mivuto ishirini, robo. Alisimulia mambo ambayo hata yeye alikuwa ameyasahau, na Edina alisikiliza akiwa amelaza mikono magotini, mpaka maji juu ya kioo yakawa mekundu kwa shaba.

Alipoigeuza kifuniko kilikuwa kioo. Alijiona paji la uso ndani yake. Palipokuwa na namba hapakuwa na hata kivuli.

Aliipima. Kipimo kilipanda hadi sabini na moja, kikasimama, kikabaki hapo dakika kumi zote.

Edina aliifunga kwenye sanduku la bati. Mlangoni alipiga goti, jambo ambalo wauguzi wa siku hizi hawafanyi, akamshika Tusekile miguu. Hakusema asante. Alisema, "Nitakwenda mbio," na akaenda mbio, akiteremka kilima sanduku likiwa kifuani. Tusekile alimtazama mpaka alipopotea kwenye mipaini. Kisha akarudi ndani. Chumba kilikuwa kimya kuliko jana.

Alikunja misasa. Alimwaga maji. Alipaswa kuandika kwenye daftari la kazi: namba imesomwa, haimo kwenye orodha. Alishika kalamu, akaiacha.

* * *

Kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa saa tatu, upande wa pili wa kilima. Kesho yake mchana Tusekile alifika, amevaa kitenge cha kanisani. Koplo wa zamu alikuwa kijana mnene aitwaye Lutengano, anakula kiazi kitamu.

"Nimekuja kukiri kosa," Tusekile alisema.

Koplo alimeza. "Nani amekuleta, mama?"

"Miguu yangu."

"Hapa watu huletwa. Hawaji."

"Mimi nimekuja. Fungua kitabu uandike."

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho sheria ilikuwa bado inakiamini bila kukishika mkononi. Picha inaweza kudanganya na karatasi inaweza kughushiwa, lakini mtu anayekuja mwenyewe kujifunga, maneno yake huandikwa yote kama alivyoyasema na kugongwa mhuri, na hayafutwi. Tusekile alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha.

Alisema kuwa yeye, fundi mwenye leseni, jana alisugua prosesa iliyomo kwenye Orodha ya Zilizopotea, akijua. Alitaja namba. Alisema ni ya kituo cha tahadhari cha mto Mwiho. Alisema alielezwa kuwa ililetwa Lwandani na mkaguzi Faustini Chengula mwenyewe, mkononi mwake, wiki ya mafuriko. Alisimulia ufunguo na koti la kijivu la mahakamani. Alisema aliyefungwa kwa ajili ya prosesa hiyo alikuwa Enoki Mbwilo, na akamwomba koplo aandike jina hilo kwa herufi kubwa. Jambo moja tu alilolisema halikuwa kweli: kwamba muuguzi hakujua lolote.

Koplo alikuwa ameacha kiazi chake. "Na prosesa iko wapi sasa?"

"Wodini. Inawapumulisha watoto sita."

"Itabidi niichukue."

"Kwa namba ipi?" Tusekile aliuliza. "Kifuniko ni kitupu kama sahani. Huna cha kulinganisha na orodha yako. Unanichukua mimi."

Koplo aliweka kalamu chini. Mjomba wake, alisema taratibu, alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Tusekile alisema, "Pole." Koplo akasema, "Ni miaka mitatu, mama. Na leseni inakwenda."

"Najua."

"Maneno yako peke yake hayatamsafisha mumeo. Watasema ni mke, ana uchungu."

"Waseme. Lakini watasema wakiwa wameyasoma."

Koplo aligonga mhuri. Tusekile alisaini. Halafu koplo akafikia mstari wa mwisho wa fomu, akauliza ndugu wa kujulishwa ni nani. Tusekile alisita kabla ya kutoa namba ya Tanga.

"Sheria inataka nimsomee maelezo yote," koplo alisema, akiinua simu. "Neno kwa neno."

Tusekile alikaa kwenye benchi. Alisikia koplo akijitambulisha, akauliza kama anazungumza na Sekela binti Enoki. Kisha akaanza kusoma kwa sauti yake ya kiserikali, isiyo na haraka wala huruma. Alisoma namba. Alisoma koti la kijivu na ufunguo. Alisoma jina la Enoki Mbwilo mara sita, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa mara sita. Tusekile alitazama sakafu, akingoja kusikia mlio wa simu iliyokatwa.

Haukuja. Koplo alimaliza. Alisikiliza. Akasema, "Ndiyo. Ndiyo, yupo hapa. Hapana, hajafungwa pingu." Akasikiliza tena, kisha akaweka kiganja juu ya simu na kumgeukia Tusekile.

"Anasema usisaini kitu kingine chochote," alisema, "mpaka afike."